Maswali ya wasomaji: Bajeti ya Nairobi na deni lisilopungua

SWALI: Kwa mhariri. Barabara ya mtaa wetu imeandikwa kwenye bajeti ya kaunti mara tatu, na mara tatu mwaka umeisha bila hata lori moja la kifusi kumwagwa. Kila mwaka tunaambiwa bajeti imeongezeka na ada zimepanda, kisha tunasikia jiji linadaiwa zaidi ya shilingi bilioni 80. Pesa huenda wapi? Na deni hilo litalipwa na nani, watoto wetu? (Mkazi, Umoja)

JIBU: Ukipata kitabu cha bajeti, usikimbilie ukurasa wa miradi. Anza na ukurasa wa mapato, maana hapo ndipo barabara yenu ilipopotelea.

Bajeti ya Nairobi katika miaka ya karibuni imekuwa zaidi ya bilioni 42. Karibu nusu yake ni mgao kutoka Hazina Kuu. Mwaka wa fedha wa 2021/22, kwa mfano, mgao huo ulikuwa bilioni 19.25. Kuna pia ruzuku zenye masharti, ambazo haziwezi kuhamishiwa shughuli nyingine. Sehemu iliyobaki kaunti inatarajia kuikusanya yenyewe: kodi ya ardhi, maegesho, leseni za biashara, vibali vya ujenzi, mabango, masoko, kodi za nyumba zake. Mgao wa Hazina huchelewa, lakini huja. Mapato ya ndani ndiyo yenye kasoro. Tangu ugatuzi uanze mwaka wa 2013, Nairobi haijafikia lengo lake la makusanyo hata mara moja. Mwaka wa 2014/15 ilikusanya takriban bilioni 11.5. Mwaka wa 2021/22 ikashuka hadi karibu bilioni 9.2, ilhali makadirio yalizidi bilioni 19. Baada ya hapo makusanyo yamepanda, na mwaka wa 2024/25 yalikaribia bilioni 14. Hayo ni mafanikio ya kweli na tunayatambua. Hata hivyo lengo nalo limebaki huko huko karibu na bilioni 20.

Lengo huwekwa juu kwa sababu matumizi lazima yalingane na mapato kwenye makadirio. Idara zimeleta orodha zao, kila diwani anataka mradi wa wadi yake uonekane, mishahara haiguswi. Kukata mradi kunaleta ugomvi. Kuongeza tarakimu kwenye mstari wa maegesho au wa kodi ya ardhi hakumuudhi yeyote, basi mstari huongezwa, hesabu inalingana na bajeti inapita.

Fuata sasa upungufu huo unapoangukia. Chukua hesabu ya mfano tu: kaunti imekadiria bilioni 20 za ndani, ikapata 13. Bilioni 7 hazipo. Mishahara na makato yake vitalipwa kwanza. Ruzuku haziguswi. Bunge la kaunti litadai fungu lake. Kinachobaki cha kukatwa ni maendeleo na malipo ya wanaoiuzia kaunti bidhaa na huduma. Ikiwa fungu la maendeleo lilikuwa bilioni 14, nusu yake imeyeyuka kabla trekta halijawashwa. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, kifungu cha 107, inataka angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwa maendeleo katika kipindi cha miaka kadhaa, na kanuni za 2015 zinaweka kikomo cha asilimia 35 ya mapato kwa mishahara na marupurupu. Kwenye makadirio Nairobi huonyesha asilimia 30 hiyo. Kwenye ripoti za matumizi halisi, haifiki.

Kuna pia mradi ambao mwanakandarasi ameumaliza. Mhandisi ametia saini hati ya kazi, ankara imeletwa, vocha ya malipo imeandikwa. Pesa ziko kwenye Hazina ya Mapato ya Kaunti katika Benki Kuu, na hazitoki humo bila idhini ya Mdhibiti wa Bajeti. Kaunti huomba idhini kulingana na fedha zilizoingia, si kulingana na vocha zilizopo mezani. Tarehe 30 Juni mwaka unafungwa na vocha iko kwenye foleni. Inakuwa deni. Mwaka unaofuata deni hilo linapaswa kutengewa fedha kabla ya mradi mpya, na barabara yenu, ambayo haikuanza, inasukumwa nyuma tena. Ndiyo maana mmeiona mara tatu.

Kwa hiyo mkienda kuuliza, msiulize tu "barabara yetu iko wapi?" Ulizeni kama zabuni ilitangazwa na nambari yake ni ipi, kama kandarasi ilitiwa saini, na kama kuna hati yoyote ya kazi iliyolipwa au inayosubiri malipo. Mradi usio na nambari ya zabuni ni maandishi tu. Wenye kandarasi iliyotiwa saini lakini hakuna kazi iliyofanyika ni jambo jingine kabisa, na hapo mna haki ya kumwandikia Mkaguzi Mkuu wa Hesabu.

Kuhusu hizo zaidi ya bilioni 80: humo mna madai ya wanakandarasi na wauzaji, ada za mawakili (fungu kubwa mno, na ambalo wakazi wanapaswa kulihoji kila mwaka), na michango ya pensheni iliyokatwa au kudaiwa bila kufikishwa kwenye mifuko ya Laptrust na Lapfund. Sehemu yake ilirithiwa kutoka Baraza la Jiji lililovunjwa 2013. Deni la pensheni ndilo linalotuuma zaidi, kwa sababu riba yake huongezeka kila mwezi, na anayeumia ni mfagiaji au muuguzi aliyestaafu baada ya kulitumikia jiji maisha yake yote. Fanya hesabu: kaunti ikitenga bilioni 5 kila mwaka kwa deni la bilioni 80, bila riba na bila kuongeza hata shilingi moja ya deni jipya, itachukua miaka 16. Watakaolipa ni wale watakaokuwa wakilipa maegesho, leseni na kodi ya ardhi miaka hiyo yote, na watalipa kwa huduma watakazokosa.

SWALI: Kodi ya ardhi ya kiwanja changu ilipanda baada ya uthamini mpya. Jirani hajalipa kwa miaka, na kila kukicha kaunti inatangaza msamaha wa riba. Mbona sisi tunaolipa ndio tunaobanwa? (Mwenye kiwanja, South B)

JIBU: Lalamiko lako kuhusu msamaha ni la haki. Lile la uthamini lina pande mbili.

Kwa muda mrefu Nairobi ilitoza kodi kwa kutumia orodha ya uthamini ya mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kiwanja kilichothaminiwa shilingi laki mbili wakati huo kiliendelea kuhesabiwa laki mbili hata baada ya ghorofa kumi kujengwa pembeni yake. Ili kupata fedha, kiwango kilipandishwa hadi asilimia 34 ya thamani hiyo ya kale. Orodha mpya inatumia thamani ya ardhi ya sasa bila majengo, na kiwango kilichowekwa nayo kilikuwa asilimia 0.115. Kiwanja cha milioni 20 kinatozwa 23,000 kwa mwaka. Walioguswa zaidi ni wenye viwanja katika maeneo ambayo bei ya ardhi imepaa tangu zamani hizo. Hiyo ni haki kuliko mfumo wa kale, ambapo mitaa iliyotajirika ilikuwa ikitozwa kwa thamani ya miaka 40 iliyopita. Thibitisha kiwango cha mwaka husika kwenye Sheria ya Fedha ya Kaunti, kwa kuwa hubadilishwa.

Kabla ya kulipa, angalia mambo matatu kwenye ankara: ukubwa wa kiwanja, matumizi yaliyoandikwa (makazi au biashara), na nambari ya ardhi. Makosa ya kawaida ni kiwanja kilichogawanywa ambacho bado kinatozwa kama kimoja, na malipo yaliyoingizwa kwenye nambari ya mtu mwingine. Peleka pingamizi kwa maandishi pamoja na nakala ya hati na ramani ya mgawanyo. Malalamiko ya mdomo dirishani hayaachi kumbukumbu. Na usichanganye kodi hii na ile ya ardhi ya kukodishwa inayolipwa serikali ya kitaifa. Kuna watu wamelipa moja wakidhani wamemaliza zote mbili.

Msamaha wa riba huingiza fedha haraka mwezi mmoja au miwili, lakini hufundisha watu kungoja msamaha ujao. Ukirudiwa kila mwaka, mkazi anayelipa kwa wakati ndiye anayepata hasara. Wakazi wadai kaunti itenganishe makusanyo ya kodi ya mwaka huu na makusanyo ya malimbikizo. Vikijumlishwa, mwaka wa msamaha unaonekana mzuri kupita kiasi, kisha lengo la mwaka unaofuata linajengwa juu ya fedha ambazo hazitarudi. Kasoro nyingine ya aina hiyo ni kuhesabu kama mapato ya mwaka kile ambacho taasisi za serikali ya kitaifa zinadaiwa kwa ardhi zao jijini. Ni kweli zinadaiwa, na zinapaswa kulipa. Lakini deni ambalo halijalipwa kwa miaka haliwezi kujenga zahanati mwaka huu, na halina nafasi kwenye makadirio mpaka kuwe na makubaliano ya maandishi yenye tarehe za malipo.

SWALI: Kaunti inaweza kufilisika? Wadai wanaweza kuuza City Hall? (Mwanafunzi, Kasarani)

JIBU: City Hall, makao makuu ya kaunti, haitauzwa. Sheria ya Kesi za Serikali, Sura ya 40, kifungu cha 21, inazuia mali ya serikali kukamatwa ili kulipia deni la hukumu, na ulinzi huo unahusu kaunti pia. Mdai aliyeshinda kesi huchukua cheti cha amri, kisha huomba mahakama imlazimishe afisa mhasibu kulipa, na afisa akikaidi anaweza kuadhibiwa kwa kudharau mahakama. Wakati huo wote riba na gharama za kesi zinapanda.

Kenya haina utaratibu wa kufilisisha kaunti kama ule uliotumiwa na jiji la Detroit nchini Marekani, lililoomba kinga ya mahakama Julai 2013 likiwa na deni la takriban dola bilioni 18, likatoka Desemba 2014 baada ya wadai na wastaafu kukubali kupunguziwa. Hapa serikali ya kitaifa inaweza, chini ya Ibara ya 225 ya Katiba, kusitisha hadi nusu ya fedha za kaunti iliyokiuka vibaya sheria za fedha. Kaunti pia haiwezi kukopa bila dhamana ya serikali ya kitaifa na idhini ya bunge lake (Ibara ya 212). Lakini tazama kilichotokea: kaunti iliyozuiwa kukopa benki hukopa kwa muuza dawa, mwenye lori la taka na mstaafu, kwa kutowalipa. Mkopo wa aina hiyo hauna mkataba, hauna ratiba, na haukupigiwa kura na yeyote.

Jaribio la kuhamisha majukumu limeshafanywa: kwa mkataba wa 25 Februari 2020 afya, uchukuzi, ujenzi na mipango vilipewa serikali ya kitaifa, na shirika la NMS (Nairobi Metropolitan Services), la serikali hiyo, likayasimamia hadi 2022. Barabara kadhaa na zahanati zilijengwa. Deni la kaunti halikuondoka.

SWALI: Kikundi chetu cha akina mama kiliuzia kaunti sare miaka miwili iliyopita na hatujalipwa. Tunaambiwa tungoje bajeti mpya. Tufanye nini? (Mweka hazina, Dandora)

JIBU: Dada, msingoje mkiwa mmekaa. Kusanyeni leo agizo la ununuzi lililotiwa saini, hati ya kupokelewa bidhaa yenye muhuri, cheti cha kamati ya ukaguzi na upokeaji, na ankara. Cheti cha ukaguzi ndicho hukosekana mara nyingi, na bila hicho dai huandikwa "halina nyaraka za kutosha" na kuwekwa kando wakati wa uhakiki. Kama hamna, mwandikieni afisa mkuu wa idara iliyopokea sare, mkitaja tarehe na bohari.

Hatua ya pili ni kuomba kwa barua uthibitisho kwamba dai lenu limo kwenye orodha ya madeni ambayo kaunti hupeleka kwa Mdhibiti wa Bajeti. Orodha hiyo hupanga madeni kwa umri: chini ya mwaka mmoja, mwaka hadi miwili, miwili hadi mitatu, na zaidi. Dai lisilokuwemo haliwezi kulipwa hata fedha zikija. Nairobi imeunda kamati za uhakiki zaidi ya mara moja, na kila moja huanza na makaratasi upya, kwa hiyo pelekeni nakala na mbaki na asili zenu.

Muda nao una mwisho. Sheria ya ukomo wa kesi dhidi ya taasisi za umma inaweza kufunga dai la mkataba baada ya miaka mitatu. Mkikaribia hapo, muoneni wakili kabla tarehe haijapita. Kiasi kikiwa hadi shilingi milioni moja, Mahakama ya Madai Madogo inaweza kuwafaa.

SWALI: Chama chetu cha wakazi kingependa kutoa maoni kuhusu bajeti, lakini tukifika kwenye mkutano tunakuta kila kitu kimeshaamuliwa. Tuingilie wapi? (Katibu, Zimmerman)

JIBU: Mnafika Mei au Juni, wakati viwango vya kila idara vimeshafungwa. Kazi ya kuandaa bajeti huanza mapema zaidi. Tarehe 1 Septemba mpango wa maendeleo wa mwaka unafikishwa kwenye bunge la kaunti. Mradi usiokuwemo humo ni vigumu kuingia baadaye. Kufikia 30 Septemba hukamilishwa mapitio ya bajeti ya mwaka uliopita, na huu ndio waraka tunaowasihi mpate kuliko mwingine wowote, kwa sababu una makusanyo halisi ya kila chanzo cha mapato. Tarehe 28 Februari huja waraka wa mkakati wa fedha, unaoweka vikomo vya idara na kutaja makadirio ya mapato, pamoja na mkakati wa kusimamia madeni. Bunge la kaunti lina siku 14 tu za kuuamua. Hapo ndipo pa kuingilia. Makadirio kamili huwasilishwa 30 Aprili, na sheria ya matumizi lazima iwe tayari 30 Juni.

Halafu msilale, kwa kuwa bajeti za ziada hupitishwa katikati au mwishoni mwa mwaka, na mradi mlioupigania Februari unaweza kufutwa humo bila tangazo la kuonekana.

Memoranda yenu, yaani maoni yenu ya maandishi, isizidi kurasa mbili. Chukueni makusanyo halisi ya miaka mitatu kwa kila chanzo, mtafute wastani, mwongeze asilimia 10 ya ukuaji. Tofauti kati ya hapo na makadirio ya kaunti ndiyo fedha zisizo na msingi. Kisha andikeni hivi: "Tunaomba makadirio ya mapato ya ndani yapunguzwe kutoka X hadi Y, tukizingatia wastani wa miaka mitatu uliopo kwenye mapitio ya bajeti. Tunaomba miradi iliyomo kwenye jedwali la wadi yetu ipangwe kwa umuhimu, ili ya mwisho ndiyo iondolewe fedha zikipungua. Tunaomba kiasi kitakacholipia madeni kionyeshwe kwa mstari wake, pamoja na orodha ya madeni kwa umri." Kuomba bajeti ndogo kunashangaza wengi, na baadhi ya majirani watawauliza mko upande wa nani. Waonyesheni: barabara mbili zenye fedha za kweli zitajengwa, kumi zenye fedha za karatasi hazitajengwa.

Mkinyimwa waraka, tumieni Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Ombi linaweza kuandikwa kwa Kiswahili, na si lazima mtoe sababu. Kaunti ina siku 21 za kujibu, na inaweza kuwatoza gharama ya kunakili na kuwafikishia nakala tu. Ikikataa, mna siku 30 kupeleka suala hilo kwa Tume ya Haki za Kiutawala. Tajeni waraka kwa jina na mwaka wa fedha. Anayeomba "taarifa zote za bajeti" hupewa sababu ya kucheleweshwa.

Memoranda pelekeni nakala tatu: moja kwa karani wa bunge la kaunti, moja kwa idara ya fedha na mipango, na ya tatu igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe na mbaki nayo. Siku ripoti ya kamati ya bajeti itakapowasilishwa, tafuteni kiambatisho cha maoni ya umma. Kama memoranda yenu haimo, muhuri huo ndio ushahidi mtakaompelekea spika, au mahakama ikibidi.